Loisi Yuko Likizo Tunduma

Mafinga,
9 Juni 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ruti jirani yangu mwema, tafadhali msomee mama polepole, na asipoelewa rudia.

Mama, sisi huku wazima. Mke wangu Erica anakusalimu, na Judith kila siku anauliza bibi anakuja lini. Sasa jibu lipo. Nimezungumza na baba mdogo Barnaba, tumekubaliana. Shamba la viazi na la njegere atalilima yeye, mbuzi watauzwa, nyumba itafungwa. Tarehe 28 nitafika Ibaba kukuchukua uje kuishi nasi. Chumba chako nimekwisha kukipaka rangi, na ukutani nimefunga kamba kutoka kitandani hadi mlango wa choo, uwe unaishika ukitembea.

Najua hutapenda. Lakini mama, huu ni mwaka wa sita huoni. Mwezi wa tatu ulitumbukia mtaroni ukakaa humo hadi wapita njia walipokusikia. Baba mdogo anasema shamba lenyewe halitoi kitu tena. Mimi huku kiwanda cha mbao simu ikilia tu moyo unaniruka. Nihurumie. Usitoke kwenda popote mpaka nije.

Mwanao,
Shadrack Kibona


Tunduma,
13 Juni 2025

Mwanangu Shadrack,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Naijibu nikiwa Tunduma, mtaa wa Sogea, katika gesti yenye mapazia ya kijani. Usishtuke. Niko likizo.

Ndiyo, likizo. Wewe si huwa unakwenda? Mimi tangu nizaliwe sijawahi kupanda gari bila msiba, harusi au ugonjwa. Safari hii nimekuja kutembea na kula, basi. Nimekuja na rafiki yangu Fortunata, mjane mwenzangu, mkulima wa kahawa kule Igamba. Humjui. Msimu wa kuchuma umeanza lakini kawaambia wanawe, "Chumeni wenyewe, mikono mnayo."

Shadrack, huu mji! Mimi Tunduma nimeisikia tu kwenye midomo ya watu. Kuanzia Mpemba malori yamepanga mstari mpaka unachoka kuyatazama. Mekundu, ya buluu, na mengine yalikuwa meupe ila vumbi limeyafanya rangi ya chai ya maziwa. Madereva wamekaa chini ya matela wanapika, mmoja anakaanga mayai, mwingine amejifunga taulo anapiga mswaki. Fortunata akasema, "Loisi, dunia nzima imekuja kubisha hodi Zambia." Watu ndani ya gari walicheka hadi konda akasahau kutudai.

Asubuhi tunakunywa supu ya mbuzi na chapati kwa mama mmoja karibu na stendi. Mchana wa jana nilikula chipsi mayai kwa mara ya kwanza maishani. Viazi vile vile vya kwetu Ibaba, vimefika mjini vimevaa mayai! Nikaviuliza, "Mmenisahau?" Mpishi akadhani namsemesha yeye. Dagaa huku wanaitwa kapenta, wanakaangwa na nyanya mpaka wanalia kwenye jino. Nimekula sahani nzima na nimeongeza.

Jioni tulikwenda stesheni ya Tazara kutazama treni. Ilipita ya mizigo. Fortunata alikuwa anapungia mkono kila behewa, mtu mzima yule, na mimi nikajikuta napunga.

Tarehe 28 sijui nitakuwa wapi. Simu nimemwachia Ruti, maana kwenye simu huwa unanikatisha, na barua haikatishwi. Ukijibu mpe konda wa basi, hapa gesti wanaijua ofisi yao.

Mama yako,
Loisi Mtafya


Mafinga,
15 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara tatu na bado jasho linanitoka.

Nimempigia Ruti. Anasema uliondoka na mwanamke mwenye kanga ya njano, mnacheka. Nilipomuuliza zaidi akasema, "Shadrack, mimi nimeapa." Ameapa nini? Huyo Fortunata mmejuana wapi? Na anayekuandikia barua ni nani? Mambo ya malori mekundu na ya buluu nani anakujaza?

Mama, Tunduma ni mji wa mpakani. Wapo watu kazi yao ni kuwazoea wazee, wanawachekesha, mwisho wanawawekesha dole gumba kwenye karatasi ya kuuza shamba. Nakuomba usisaini kitu. Usile cha mtu usiyemjua. Kaa ndani ya gesti.

Mwanao,
Shadrack


Tunduma,
16 Juni 2025

Mwanangu,

Jibu lako halijafika, lakini nisipoandika leo nitapasuka. Jana nilikula ng'ambo!

Tulivuka kwenda Nakonde. Pale mpakani tuliandikisha majina yetu, kijana wa uhamiaji akauliza, "Bibi, unakwenda kufanya nini Zambia?" Nikamwambia, "Kula." Akanitazama. Nikamtazama. Akagonga muhuri.

Sokoni mwanamke mmoja aliyejifunga chitenge akatusalimu, "Mulishani, bamayo?" Fortunata, mpenda sifa, akajibu, "Bwino!" na kuanzia hapo tukamwagiwa Kibemba chote naye hana neno jingine hata moja. Tukaishia kucheka wote watatu. Akatuwekea nshima, ambayo ni ugali wetu ila laini zaidi, na mboga ya majani iliyopikwa kwa karanga wanayoiita ifisashi. Mwanangu, nilinyamaza. Wewe unajua mimi sinyamazi nikila.

Halafu akatukatia kipande cha kitu cha kahawia, kimekaa kama mkate lakini kinakatika kama nyama. Chikanda. Nikauliza ni nyama ya nini. Akacheka, akajibu kwa Kiswahili chake cha mpakani kwamba ni mizizi fulani ya maua ya mlimani, inatwangwa na karanga. "Inatoka kwenu Tanzania, mama, kwenye milima." Shadrack, sisi tunakanyaga chakula cha watu kila siku tukienda kuchanja kuni!

Tukapita kwenye vitenge. Tulibishana saa nzima. Mimi nasema kile ni damu ya mzee, Fortunata anasema ni zambarau. Muuzaji akasema ni nyekundu. Tukatoka nacho nje juani, kumbe kweli ni damu ya mzee, nimeshinda. Nimekinunua. Kina ndege weupe wadogo, na jicho la kila ndege ni kijitone cheusi.

Leo tunapumzika. Miguu inauma, maumivu matamu.

Loisi, mama yako


Mafinga,
17 Juni 2025

Wewe unayeandika barua za mama yangu,

Sikujui jina, lakini nitakujua. Mama yangu haoni. Hajaona rangi yoyote tangu 2019. Ndege weupe wenye jicho jeusi amewaonea wapi? Umejisahau, ukaandika unayoyaona wewe.

Kama huyo Fortunata ndiye wewe, sikia vizuri. Mama huyu ana watoto. Nikifika Tunduma nitakuja na polisi, na gesti yenye mapazia ya kijani haiwezi kuwa ngumu kuipata. Mwambie mama kwamba Shadrack anakuja. Na akipungukiwa hata unywele mmoja, utanijibu.

Shadrack Kibona


Tunduma,
18 Juni 2025

Wewe Shadrack,

Anayeandika ni mimi. Mimi Loisi, binti Mtafya, niliyekuzaa wewe mvua inanyesha na mkunga yuko ng'ambo ya mto. Mwandiko ni wangu. Umekuwa mkubwa na umepinda kwa sababu mkono umekaa miaka sita bila kazi hii, lakini ni wangu. Barua yako nimeisoma mwenyewe, kwa jicho langu, hadi pale kwenye unywele mmoja. Fortunata naye kaisoma. Amecheka mpaka kakaa chini, kisha akasema, "Mwanao anakupenda huyu, ila ana kelele." Yeye amekusamehe. Mimi bado nafikiria.

Sasa kaa, usome taratibu.

Mwaka jana nilikuomba unipeleke kwa madaktari wa macho. Ulisema, "Mama, kwa umri wako, wakiharibu hata huo mwanga kidogo uliobaki?" Nikaliacha. Sikuwa na hasira, ulisema kwa hofu. Lakini mwanzoni mwa mwezi wa tano ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wamekuja Vwawa, wanatoa mtoto wa jicho. Nikamwambia Ruti, "Nishike mkono." Akaniuliza Shadrack anajua? Nikamwambia aape. Ndicho alichoapa.

Huko wodini, kitanda cha pili kulikuwa na mwanamke anaongea tangu asubuhi, naye kafungwa kitambaa jichoni, na lile jingine halioni kama langu. Ndiye Fortunata. Tulikaa usiku mzima tunasimuliana vyakula. Yeye anatamani hiki, mimi natamani kile. Tukaahidiana kwamba Mungu akitufungulia, hatutarudi moja kwa moja kwenye majembe. Tutakwenda kwanza mahali tusipopajua, tukaone vitu na kula.

Asubuhi daktari akatufungua vitambaa. Unajua nilichokiona kwanza? Ndoo. Ndoo ya buluu ya kudekia, imewekwa mlangoni. Shadrack, mimi sijawahi kuona kitu kizuri kama ndoo ile. Nililia. Daktari akasema, "Mama, usilie, utaumiza jicho." Nikasikia sauti ya jirani yangu wa kitanda, "Kumbe Loisi ni mfupi hivi! Kwa sauti ile nilidhani unainama ukiingia mlangoni!" Nikageuka, nikamwona. Mweusi, mnene, ana mwanya, kanga ya njano. Ndivyo tulivyojuana.

Ni jicho la kulia tu. La kushoto watalifanya mwezi wa nane. Nina miwani, na dawa nimeitia kama nilivyoambiwa, na daktari ndiye aliyeniruhusu kusafiri.

Utauliza kwa nini sikukuambia. Ningekuambia, ungekuja mbio siku ile ile. Ungenishika mkono ungenionyesha dunia: mama tazama hiki, mama tazama kile. Miaka sita nimeonyeshwa kila kitu kwa maneno ya watu. Safari hii nilitaka mimi ndiye nisimulie, wewe usikilize.

Na hiyo kamba ya ukutani mwambie Erica aanikie nguo.

Mama yako,
Loisi Mtafya


Mafinga,
19 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Barua yako niliifungulia kiwandani. Nilipofika kwenye ndoo nikakaa juu ya mbao. Msimamizi akanifuata akauliza, "Kibona, umefiwa?" Nikamwambia, "Mama yangu anaona." Akaenda akazima msumeno. Mama, msumeno ule hauzimwi hata umeme ukitaka kukatika. Watu wote wakaja, nikawasomea habari za chipsi na chikanda na yule kijana wa uhamiaji, kisha wakataka nirudie.

Lile la polisi nisamehe. Uniombee radhi na kwa mama Fortunata.

Jumamosi nakuja na Judith. Sitakuja kukuchukua. Nakuja kula.

Shadrack


Ibaba,
3 Julai 2025

Mwanangu Shadrack,

Nimefika nyumbani salama, na nina habari. Lakini kwanza nimalize ile ya stendi, kwa sababu wewe uliicheka tu na mimi sikupata nafasi ya kusema.

Mimi nilikuwa namtafuta kijana mwembamba mwenye nywele nyingi. Ndiye niliyemwona mara ya mwisho. Akashuka mwanamume ana kipara, ana kitambi, na ndevu zimeingia mvi. Nikampisha. Nikamwambia hata samahani, baba. Ndipo ukasema, "Mama, unakwenda wapi?" na ile sauti ikanigonga kifuani. Nilipokutazama nilimwona marehemu Mika, baba yako, miaka ile anarudi kutoka mnadani. Sikulia pale kwa sababu Fortunata alikuwa anaangalia. Nililia usiku, na kilikuwa kilio kizuri.

Na Judith. Huyu mtoto nilimjua kwa vidole tu, nilikuwa napapasa pua, napapasa masikio. Hakuna aliyeniambia kwamba akitaka kucheka kwanza anakunja uso kana kwamba amekasirika. Hilo vidole havikulijua. Kule kwenye kimondo Mbozi alipokumbatia lile jiwe lililoanguka kutoka mbinguni, akasema, "Bibi, ni baridi!", mimi nilikuwa namtazama yeye. Jiwe nililitazama baadaye. Zuri nalo.

Sasa habari. Niliporudi, hapa kijijini Ruti ndiye pekee aliyejua, na wewe ulitimiza ahadi yako ya kutomwambia baba yako mdogo. Jumapili jioni Barnaba akaitisha kikao hapa kwangu. Akaja na Osea, mzee wa kanisa, awe shahidi wa makubaliano yenu. Nikawakaribisha barazani, nikawapa kahawa ya Fortunata. Miwani nilikuwa nimeiweka mfukoni.

Barnaba akaanza kwa upole. "Shemeji, sote tunakupenda. Lakini mtu asiyeona hawezi kutunza shamba. Mwaka jana njegere ulivuna debe ngapi? Ardhi imechoka, shemeji. Niachie mimi."

Nikatoa miwani, nikaivaa. Nikatazama bondeni.

Nikasema, "Shemeji, ardhi haijachoka. Yule ng'ombe wako mwenye baka jeupe kwenye nyonga ndiye anayezivuna. Yumo kwenye njegere zangu sasa hivi. Na ndama yuko nyuma yake."

Shadrack, kikombe kilimbaki mdomoni. Mzee Osea akasimama, akaweka mkono juu ya macho, akatazama huko chini. "Barnaba," akasema, "ni kweli ni ng'ombe wako. Na ugo wa shamba umefunguliwa, haukuvunjwa." Kisha akageuka akanitazama mimi, na kikao chote kikamtoka kichwani. "Loisi! Unaona?"

"Naona," nikasema. "Naona na kifungo cha shati lako kilichokatika."

Ruti alikuwa nyuma ya nyumba anasikiliza. Alipiga kigelegele kikafika hadi kwa majirani, wakaja mmoja mmoja, na kila aliyekuja alitaka nimwambie amevaa nini. Barnaba mwenyewe alikwenda kumtoa ng'ombe. Aliporudi, sikumtukana. Nilimwambia mbele ya watu kwamba shamba ni langu na nitalilima, na kwamba msimu huu atanisaidia kulima bure, maana amekula vya kutosha. Akasema, "Nimekubali, shemeji." Akaomba radhi, sauti chini. Osea akamwambia arudie kwa sauti, akarudia.

Kwa hiyo mbuzi hawauzwi. Nyumba haifungwi. Mafinga nitakuja, mwezi wa saba huu huu, nimsalimu Erica nimwone uso, nikae wiki mbili kama mgeni, nipikiwe, kisha nirudi kwangu.

Jicho la kushoto ni mwezi wa nane. Mwezi wa kumi mimi na Fortunata tunakwenda Kasanga kuona ziwa. Anasema samaki wale migebuka wakichomwa pale ufukweni, mtu anasahau jina lake.

Mama yako,
Loisi


Mafinga,
8 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Habari ya ng'ombe imesomwa kiwandani. Msumeno umezimwa tena, na msimamizi amesema barua zako zije siku za malipo tu, kwani kazi haiendi. Mimi nilicheka, kisha nikawa na aibu, maana yale maneno ya ardhi kuchoka niliyaamini bila kuja kutazama. Baba mdogo amenipigia. Nimemwambia aliyoyakubali kwako nami nimeyakubali.

Kitandani kwako Erica ameshatandika shuka mpya. Lakini kuna jambo ameniomba nikuulize, mwenyewe anaona haya. Tangu tuoane hajawahi kwenda popote isipokuwa kwao na kwetu. Anauliza kama huko Kasanga mnaweza kuongeza mtu wa tatu.

Mwanao,
Shadrack


Ibaba,
11 Julai 2025

Mkwe wangu Erica,

Hili nakujibu wewe mwenyewe, maana aliyeomba ni wewe.

Nimemuuliza Fortunata. Amesema watatu ndiyo wazuri, wawili wakibishana rangi ya kitenge wa tatu anaamua. Chukua viatu vya kutembelea na sweta moja. Njaa utaikuta njiani.

Shadrack atabaki na Judith. Ugali anajua kusonga, nilimfundisha mwenyewe.

Mama mkwe wako,
Loisi Mtafya